Maumivu ya Goti na Namna ya Kuishi Nayo



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya goti. Huenda mwingine akacheka na kusema, "Je, hapana maradhi makubwa kuliko haya?" Lakini mwenye goti linalomwuma hacheki. Yeye ajua kwamba kulima, kuchota maji na kumwabudu Mungu kwahitaji magoti, na goti likikataa kazi, nyumba nzima huona taabu.

Mfikirieni mama mmoja, mfano wa wengi mnaowajua. Goti lake la kulia lilianza kumwuma arudipo shambani. Kisha likamwuma ainukapo mkekani, na baadaye hata ashukapo kilima kwenda kisimani. Watoto wake wakamhurumia wakasema, "Mama, pumzika, jembe tutalishika sisi." Mwezi wa kwanza aliona nafuu. Mwezi wa sita hakuweza kusimama pasipo kushikwa mkono. Watoto walifanya kwa mapenzi, lakini dawa waliyompa ilikuwa sumu. Nitawaeleza kwa nini.

Watu wengi huyaita maradhi haya baridi yabisi, na jina hilo hutumika kwa maradhi mengi ya viungo. Haya ninayoyasema leo madaktari huyaita osteoathraitisi. Mwaka 2019, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 528 walikuwa nayo, na kwa watu milioni 365 katika hao kiungo kilichoshikwa kilikuwa goti. Wengi wao wamepita umri wa miaka 55, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Basi mtu asidhani kwamba amerogwa, wala asimtafute jirani wa kumlaumu.

Umepata kuona ile ncha nyeupe, laini, ya mfupa wa kuku? Hiyo ndiyo gegedu. Katika goti lako pia, ncha ya mfupa wa paja na ncha ya muundi zimefunikwa kwa gegedu, ili mifupa iteleze pasipo kusuguana. Miaka ikipita gegedu hupungua, na kiungo chote hudhurika pamoja nayo. Zipo sababu zinazoharakisha jambo hilo: uzito wa mwili, jeraha la zamani, kazi ya miaka mingi ya kuchuchumaa na kubeba mizigo, na pengine urithi wa ukoo. Baridi ya asubuhi huweza kumfanya mtu asikie maumivu zaidi, lakini siyo iliyoyaleta maradhi.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote. Mlingoti wa jahazi hausimami kwa nguvu ya mti wake tu, bali hushikwa na kamba. Kamba za goti ni nyama za paja. Mtu akikaa kitako miezi mingi, nyama hizo hukonda na kulegea, na goti hubaki kama mlingoti uliofunguliwa kamba. Tena gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake katika ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huipenya vema kiungo kinapotembea. Kwa hiyo goti lenye maumivu halitaki kulazwa, bali lataka kazi ya kiasi.

Kazi gani? Ya kwanza, keti juu ya kiti, unyoshe mguu mbele hata goti liwe sawa, uhesabu mpaka tano, kisha uushushe polepole. Ya pili, lala chali, uweke kanga iliyokunjwa chini ya goti, uikandamize kwa goti, uhesabu tano, kisha ulegeze. Ya tatu, inuka kitini na kuketi tena, ukijisaidia kwa mikono mwanzoni. Kila moja ifanye mara kumi, asubuhi na jioni. Pamoja na hayo, tembea kila siku mahali palipo sawa, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Usishtuke ukisikia maumivu machache. Yakiwa yametulia kesho yake, hukujidhuru. Lakini goti likivimba au kuuma zaidi siku ya pili, punguza kazi, usiache. Nafuu haiji kwa siku tatu. Ngoja majuma sita, hata kumi na mawili. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu mnene na apunguze uzito. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Hesabu mwenyewe hatua za kwenda sokoni na kurudi!

Fimbo nayo si aibu. Lakini ishike kwa mkono wa upande wa goti zima, uitangulize pamoja na mguu mgonjwa. Katika ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza.

Tena itengeneze nyumba yako. Mpikaji aketi juu ya kiti kirefu kuliko kigoda, na mbuzi ya nazi iinuliwe juu ya ubao imara. Chooni pachimbiwe nguzo ya kushika, au pawekwe kiti chenye tundu. Asiyeweza kupiga magoti na aswali juu ya kiti; dini haimkalifishi mtu asiloliweza.

Goti likikaza, kitambaa chenye joto kwa robo saa hulilegeza. Likivimba, kitambaa cha maji baridi ni bora. Dawa ya kupaka iitwayo diklofenaki huwasaidia wengi, na haina hatari nyingi kama vidonge. Vidonge vya maumivu vinunuliwavyo dukani na kumezwa kila siku pasipo shauri la mganga wa hospitali huweza kutoboa tumbo, kudhuru mafigo na kupandisha damu. Kwa wachache ambao goti limeharibika kabisa, iko operesheni ya kutia goti la bandia katika hospitali kubwa.

Lakini yapo mambo yasiyongoja. Goti likiwa jekundu, la moto na limevimba, na mtu ana homa. Au likivimba ghafula baada ya kuanguka. Au mtu asiweze kulikanyagia kabisa: hayo si haya tuliyoyasema. Mpelekeni hospitali siku ile ile, wala msimkande wala msimpige chuku.

Na yule mama wa mfano wetu? Mwanawe asimwambie, "Mama, kaa." Na amwambie, "Mama, njoo tutembee mpaka mwembeni, kesho tutapita kidogo." Na jembe asinyang'anywe lote, apewe kitalu cha mboga karibu na nyumba, alime akiwa amesimama, kwa jembe la mpini mrefu, na achokapo apumzike. Maumivu yake huenda yasiishe kabisa, na atakayemwahidi kwamba yataisha humdanganya. Lakini kuishi na maumivu huku ukienda kisimani kwa miguu yako ni maisha mengine kabisa kuliko kuishi nayo ukingoja kuinuliwa.

Basi leo, kabla hujalala, keti kitini, unyoshe mguu wako, uhesabu tano. Na kama yupo mzee nyumbani mwako, mhesabie.

Kwaherini.