Ndoa za Jinsia Moja Mbele ya Sheria ya Kongo

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inatoa haki ya ndoa na kuiwekea mpaka papo hapo, kwani ibara ya 40 inamruhusu kila mtu kuoana na mwenzi aliyemchagua, mradi awe wa jinsia tofauti na yake. Kwa sababu hiyo, wanaume wawili au wanawake wawili wanaoishi pamoja Kibati, karibu na mji wa Goma mashariki mwa nchi, hawawezi kuandikishwa etasivili, yaani katika ofisi ya serikali inayoweka kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo, ingawa sheria za nchi haziyataji waziwazi mapenzi yao kuwa kosa la jinai.

Uzito wa karatasi unaeleweka Kibati, ambako mwaka 2008 makambi yalijaa familia zilizokimbia vita, kwa kuwa mtu akilazwa, akipotea au akifariki, huulizwa kwanza ndugu zake ni akina nani. Mwenzi asiye na cheti cha ndoa huhesabiwa kuwa rafiki au mpangaji tu, hata kama ndiye aliyemuuguza marehemu na kujenga naye nyumba, na ukoo ukija kuichukua nyumba hiyo hana hoja ya kusimamia. Wanawake wengi wa Kivu waliotolewa mahari bila ndoa kuandikishwa wanaijua adha hiyo; tofauti ni kwamba mlango wa etasivili uko wazi kwao, na kuwafungia wengine mlango huo ni dhuluma.

Nchini Ubelgiji, ambako ndoa hizi zilihalalishwa mwaka 2003, Mkongomani mkazi wa Brussels anaweza kufunga ndoa na mwenzake wa jinsia moja, lakini akirudi Goma cheti hicho hakina nguvu. Barani Afrika ni Afrika Kusini iliyotangulia, baada ya Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wanawake walioishi pamoja tangu 1994, kwenda mahakamani; Mahakama ya Katiba iliwapa haki tarehe 1 Desemba 2005, na sheria ya kuziruhusu ndoa hizo ikaanza kutumika Novemba 2006.

Majaji wa Kinshasa hawawezi kupita njia hiyo, maana kizuizi kimo ndani ya Katiba yenyewe, ambayo hubadilishwa kwa kura ya maoni ya wananchi, au kwa idhini ya tatu ya tano ya wajumbe wa Bunge na Seneti wakikutana pamoja.