Kitambulisho Hakiazimwi: Maneno kwa Wakazi wa Mwambao wa Mweru



Ziwa hili tunalishiriki na ndugu zetu wa Pweto na Kilwa, ng'ambo ya pili. Tangu enzi za mababu watu wamelivuka wakifuata samaki, ndoa na matanga. Sheria haikuja kuukata udugu huo. Inachokataza ni mtu kujivika jina lisilo lake.

Kadi ya usajili wa taifa hutolewa na serikali kwa raia aliyetimiza miaka 16. Haiuzwi bandarini wala sokoni. Anayeighushi, anayeitumia akijua ni bandia, na anayejipatia fedha kwa hila, kila mmoja ana kosa lake katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 87. Hivyo kadi moja ya uongo yaweza kumzalia mtu mmoja mashtaka zaidi ya moja. Naye aliyekimbia vita hana haja ya kununua uraia: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2017 imemwekea njia yake halali.

Tunalolihofia zaidi ni kadi iliyoazimwa. Kijana humpa rafiki kadi yake asajili laini ya simu. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Machi ikikaribia, laini ile hutumika kupokea malipo ya awali ya chisense ambayo haipo. Mjane hupoteza mtaji wake wote kabla mtumbwi wa kwanza haujaingia majini. Rafiki ametoweka, lakini jina lililoandikwa ni la mwenye kadi, na mlango tunaoubisha kwanza ni wake.

Mara nyingi tunaulizwa kwa nini wawili wenye kosa moja hupata adhabu tofauti. Sisi huchunguza, hakimu ndiye ahukumuye. Yeye hupima hasara iliyotendeka, nani ameumizwa, kama kosa ni la kwanza, kama mshtakiwa amekiri mapema, na kama amerudisha alichochukua. Anayerudisha hafuti kosa, ila huipa mahakama sababu ya kumhurumia.

Basi, ukitapeliwa, usione haya na usichukue sheria mkononi. Mjulishe wakala wa fedha za simu upesi, usifute ujumbe wowote, kisha njoo kituoni na simu yako. Na ndugu yako akikamatwa, kumbukeni kwamba dhamana ya polisi hailipiwi. Anayewadai fedha kwa ajili yake naye ni tapeli, hata akiwa amevaa sare yetu.

Njia ya mwongo ni fupi. Tusimwazime viatu vya kuipitia.