Umeme Ukikatika Katikati ya Tiketi: Kuchagua Seva na Kanzidata Ufipa



Tuseme mkazi wa Chanji, hapa Sumbawanga, amepiga simu kwenye dawati la maji: bomba limepasuka. Karani anaandika, anahifadhi, anamtajia namba ya tiketi. Papo hapo umeme unakatika. Ukirudi, tiketi ipo?

Wauzaji wa mifumo hupenda kutuhubiria kasi. Ofisi inayopokea malalamiko mia mbili kwa siku haina shida ya kasi. Hata kompyuta kuukuu ya mezani itayamudu. Shida yetu ni umeme. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukivuta umeme kutoka Zambia na kusaidiwa na jenereta za dizeli.

Kanzidata makini haikimbilii jedwali. Kwanza huandika kwenye shajara kile inachotaka kufanya, huhakikisha maandishi yametua kwenye diski, ndipo humwambia karani kuwa tiketi imehifadhiwa. Umeme ukirudi, huisoma shajara na kukamilisha yaliyothibitishwa. Yaliyoishia njiani huyatupa. PostgreSQL ina utaratibu huo tangu toleo la 7.1, mwaka 2001. Kwa MySQL, majedwali ya kawaida yalikuwa ya MyISAM, yasiyo na kinga hiyo, mpaka toleo la 5.5 la mwaka 2010 lilipoifanya InnoDB, yenye kinga hiyo, kuwa chaguo-msingi. Mfumo wa zamani ukihamishiwa seva mpya unaweza kuja na MyISAM yake tumboni, kwa hiyo majedwali yakaguliwe moja moja. SQLite nayo huhimili giza, na kwa dawati la karani mmoja sioni aibu kuipendekeza. Ila huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati.

Wapo mafundi wanaozima fsync, amri inayolazimisha maandishi yatue kwenye diski, ili PostgreSQL iende mbio. Hapo karani anaambiwa “imehifadhiwa” ilhali huenda data haijafika kwenye diski. Ni uongo, hata ukiitwa uboreshaji.

Na seva ya wavuti, Apache au Nginx? Ile anayoijua fundi wenu.

Mara nyingi, hata hivyo, programu ya tiketi ndiyo huwachagulia kanzidata. osTicket hutumia PHP na MySQL. Zammad hutaka PostgreSQL, na ni nzito zaidi. Mimi ni mpenzi wa PostgreSQL, lakini kama kijana wa ofisini anaimudu MySQL, nitachukua osTicket yenye InnoDB kuliko mfumo unaosubiri mtaalamu atoke Mbeya, apite Tunduma, ndipo apande kilomita zaidi ya 200 kuja huku.

Mkataba uwe na jaribio moja. Siku ya makabidhiano, makarani waingize tiketi mfululizo, wakiandika kwenye karatasi kila namba waliyopewa. Kisha UPS, yaani betri ya akiba, iondolewe na swichi ya ukutani izimwe bila taarifa. Seva ikiwaka, karatasi ilinganishwe na kanzidata. Namba moja ikikosekana, kazi haijapokelewa.