Tusijenge Nyumba Tu, Tujenge Mtaa



Leo tunazungumza juu ya kujenga upya, kwa sababu magomvi mengi huanzia hapo: nani apewe kiwanja, nani auze wapi, makala yatoke wapi.

Wengi wetu tunakumbuka tarehe 17 Januari 2002. Moto wa Nyiragongo ulishuka hadi katikati ya Goma, ukafunika nyumba, maduka na mipaka ya viwanja. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila makao. Baada ya siku chache wakarudi, wakajenga juu ya mawe yale meusi kwa mbao na mabati. Ulikuwa ushujaa. Lakini nyumba ya mbao huingiza baridi, na mbabula hula makala kila siku. Sehemu kubwa ya makala hayo ilitoka msitu wa Virunga, ambako vikundi vya silaha vilitoza ushuru. Hivyo sufuria yetu ya maharagwe ilikuwa ikilipia risasi.

Mwaka 2021 mlima ulitema tena. Mwaka 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na familia nyingi zikalazimika kuondoka. Swali la kujenga limerudi.

Tusikilize mfano wa mbali. Huko Freiburg, Ujerumani, askari wa Ufaransa waliacha kambi yao mwaka 1992. Mahali pale pakawa mtaa wa Vauban, wenye wakaaji zaidi ya 5,000. Familia ziliungana katika vikundi, zikachora na kujenga nyumba zao pamoja. Kuta nene huzuia baridi. Shule na maduka viko mwendo wa miguu. Jengo moja lina maduka chini, ofisi katikati na nyumba za kukaa juu, na paa zake hutoa umeme wa jua. Wananchi walishiriki katika kupanga, hawakuletewa mpango uliokwisha.

Sisi hatuna mali ya Ujerumani. Hata hivyo, mambo matatu tunayaweza.

Kwanza, ukuta. Mawe ya volkano tunayo. Majirani wawili wakijenga ukuta mmoja wa katikati, hupunguza gharama, na nyumba hutunza joto usiku. Lakini mpaka uandikwe kwanza, mbele ya mashahidi.

Pili, butike. Chumba cha mbele kikielekea njia, mama atauza unga akiwa karibu na watoto. Mhamishwa na mwenyeji watanunuliana, watazoeana.

Tatu, jiko. Jiko lililoboreshwa hupunguza makala. Na pale umeme wa maji unapofika, kama ule wa Matebe, Rutshuru, ulioanza mwaka 2015, mtaa uombe waya kwa sauti moja.

Viongozi, tunawaomba: kabla ya kugawa viwanja, waketisheni pamoja waliohama, waliorudi na waliowapokea. Wanawake wasikose, maana wao ndio wanaojua bei ya moto.

Maswali ya kujadili:
1. Katika mtaa wetu, nani hajaulizwa bado?
2. Makala yetu yanatoka wapi, na nani anafaidika?
3. Ni jirani gani tunaweza kujenga naye ukuta mmoja?

Amani iwe nanyi.