Baada ya Methadoni, Kikao

Msikilizaji wetu wa Satellite, Riruta na Kawangware, tangu Desemba 2014 Hospitali ya Mathari huwapa methadoni waraibu wa heroini. Mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, ikatulia. Lakini dawa haimwambii afanye nini akikutana stejini na rafiki aliyekuwa akivuta naye. Hilo huzungumzwa kwenye kikao cha kikundi: viti kwa duara, mshauri mmoja, na ya humo hayatoki nje. Mmoja akikiri kwamba jana alitamani kurudia, mwenzake humweleza yeye alivyokwepa. Na hili tuliseme wazi: aliyeacha kwa muda, akirudia kipimo chake cha zamani cha heroini, anaweza kufa. Mzazi, tafadhali usimfukuze mwanao. Piga 1192, laini ya NACADA, ni bure.