Mafuta Siyo Gharama Yote ya Safari

(Maneno ya Ofisi ya Miradi mbele ya kamati za sharika na marafiki wa dayosisi, Nyegezi, Mwanza)

  

Tumeombwa kuzungumzia gari la miradi. Mnalifahamu: ni Land Cruiser ya mwaka 2004, aina ambayo wengi huiita Mkonge. Limekwisha kutembea kilometa 412,000. Kila mwaka swali ni lile lile: tuliuze na kuomba jipya? Jibu letu ni kwamba injini yake bado ina miaka ya kufanya kazi, lakini si kwa utaratibu tulio nao sasa. Tuanze kwa kueleza kosa letu wenyewe.

Agosti 2024 gari lilikuwa likipeleka fundi na vipuri vya pampu ya kisima katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kwimba. Kabla ya kufika Ngudu injini ilichemka na kuzima. Gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imeungua, na kichwa chenyewe kimepinda. Gari lilivutwa hadi Mwanza. Kijiji kilikaa siku 11 bila pampu, na wale akina mama walirudi kuchota maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Wanaoijua Kwimba wakati wa kiangazi wanaelewa tunachosema.

Watu walitaka kumlaumu dereva. Tulipofungua daftari la gari tulikuta ameandika mara mbili, wiki tatu kabla, kwamba mpira wa rejeta unavuja kwenye kibanio na kwamba anaongeza maji kila siku. Sisi ofisini tulitia sahihi pale chini, hatukutoa fedha. Fungu la robo ile tulikuwa tumelimalizia kwenye semina. Kibanio kile ni kitu cha bei ndogo sana. Kutengeneza kichwa cha injini kulitugharimu karibu sawa na sevisi za miaka miwili.

Ni vizuri kamati zielewe kilichotokea. Huku kwetu tuko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kifuniko cha rejeta huyabana maji ili yasichemke mapema. Mpira ukivuja, mbano unapotea, maji yanachemka, na injini inaungua hata kama rejeta ilijazwa asubuhi. Tena maji ya ziwani au kisimani huacha magamba na kutu ndani ya njia za rejeta. Ndiyo maana siku hizi tunatumia kulanti, na dereva haruhusiwi kuondoka ikiwa kuna mvujo, hata mdogo.

Tangu wakati huo tumejiwekea taratibu ambazo hata sharika zenye magari yao zinaweza kuzifuata.

Kwanza, oili ya injini na filta yake hubadilishwa kila kilometa 5,000, iwe kuna fedha nyingi au kidogo. Vumbi letu ni jingi, hivyo filta ya hewa hukaguliwa kila baada ya safari ya changarawe. Hupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Kuigonga ukutani huichana.

Pili, mkanda wa taimingi. Kitabu cha gari letu kinasema ubadilishwe kila kilometa 100,000. Mkanda huu hautoi kelele kabla ya kukatika, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Tukishaubadilisha, tunaandika kilometa kwa wino kwenye karatasi na kuibandika ndani ya boneti, ili hata dereva mpya aione.

Tatu, maji kwenye dizeli. Dereva hufungua kizibo cha chini cha kichujio na kumwaga maji yaliyotuama kabla hayajafika kwenye pampu. Gari likivuka mto au dimbwi refu, oili ya difu hukaguliwa. Ikionekana kama chai ya maziwa, maji yameingia, nayo ibadilishwe siku hiyo.

Nne, matairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lililoandikwa 2312 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Msidanganywe na meno marefu. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani.

Tano, breki na usukani havisubiri kikao. Dereva akisema breki si nzuri, gari linalala.

Ndugu zetu, yote haya yanahitaji fedha ndogo ndogo zinazopatikana kwa wakati, na hapo ndipo penye tatizo letu. Usharika ukiazima gari, huweka dizeli na kulirudisha tangi likiwa limejaa, na sisi hushukuru. Lakini safari ile imekula pia oili, matairi, bushi, springi na breki. Hivyo hakuna aliyevilipia. Deni hilo linajikusanya kimya kimya, na siku moja linalipwa na kijiji kisicho na pampu.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena foleni ya kivuko, na sharika za upande wa Sengerema zinaomba gari mara nyingi zaidi. Tunafurahi. Ila kilometa nazo zinaongezeka.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo. Kila anayelitumia gari, ofisi yetu ikiwemo, achangie kiasi fulani kwa kila kilometa, mbali na dizeli. Kiasi hicho kipangwe na mkutano huu. Fedha ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake, zisiguswe kwa semina wala kwa dharura nyingine, na taarifa yake itolewe katika jarida hili kila robo mwaka. Tumesikia sharika ndogo zikisema zitashindwa. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi tunashauri safari za upande mmoja ziunganishwe ili mchango ugawanywe.

Kwa marafiki wafadhili tunasema hivi kwa heshima. Gari jipya hupigwa picha nzuri siku ya kukabidhiwa. Filta ya oili haina picha. Tunaomba bajeti za miradi ziruhusu fungu la matengenezo, hata kama ni dogo, kwa muda wote wa mradi.

Hatusemi gari hili litunzwe milele. Chesisi ikipasuka, au matengenezo ya mwaka yakizidi thamani yake, tutakuja hapa kusema wazi kwamba limefika mwisho. Lakini hata tukipata jipya leo, kwa utaratibu wa zamani nalo tutaliua. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeshaujenga ukuta mara moja, na tunajua bei yake.

Daftari la gari liko hapa mezani. Tunaomba kila mtunza hazina alisome kabla ya kupiga kura mchana. Mkiona mahali dereva ameandika na sisi hatukujibu, mtuulize.