Tukuyu na familia: tulale wapi, tule nini?

Ndugu wasikilizaji, leo ninayaweka kando masuala ya barabara na bei ya mbolea niliyoyazungumzia majuma yaliyopita, nizungumzie likizo. Najua wapo watakaosema kwamba likizo ni mambo ya wazungu na ya wenye nafasi. Sikubaliani nao. Mfanyakazi wa kawaida akijinyima mwaka mzima ili awatoe watoto wake nje ya jiji kwa siku tano, fedha hizo zina haki ya kuzungumzwa kama fedha nyingine yoyote.

Kwa muda mrefu tumekuwa tukihimizwa juu ya utalii wa ndani. Matangazo hutuonyesha twiga, ufukwe na maporomoko ya maji. Hayatuonyeshi mahali atakapolala bibi mwenye umri wa miaka 71, wala hayasemi mtoto wa miaka tisa atakula nini saa tatu usiku katika mji asioujua. Na mimi ambaye kazi yangu ni kuwauliza wengine maswali, safari hii nilisahau kuuliza.

Watoto wangu watatu walitaka tubaki Dar es Salaam, twende Kunduchi wakateleze kwenye mabomba ya maji. Mama yangu alitaka Tukuyu. Yeye ni mzaliwa wa Rungwe, aliolewa mbali na kwao akiwa msichana, na alikuwa hajakanyaga huko kwa zaidi ya miaka 20. Basi nikawashawishi watoto. Nikawaambia kwamba kule kuna daraja ambalo halikujengwa na mtu, kuna mto unaotumbukia kwenye shimo la mwamba na kutokeza upande wa pili, tena kuna ziwa lililokaa ndani ya mdomo wa volkano. Kijana wangu mkubwa akauliza kama kuna mtandao. Nikasema upo. Tukakubaliana mwezi Juni, shule zikifungwa.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia. Tukuyu iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda, ukagota kwenye mlima huo, ukamwaga maji. Ndiyo maana chai inastawi, migomba inastawi, na nguo hazikauki. Wajerumani walipoweka boma lao pale na kuuita mji Neu Langenburg, hapana shaka ubaridi ule uliwakumbusha kwao. Sisi haukutukumbusha kwetu. Juni ni mwezi wa baridi kali, na mimi nilikuwa nimebeba masweta mawili kwa watu sita.

Kosa la pili ni la malazi. Mtu mmoja ninayemfahamu alinipa namba ya simu ya nyumba ya wageni, nikapiga, nikauliza swali moja tu: chumba bei gani? Nikajibiwa shilingi 15,000. Nikaona nimeokota.

Tulifika usiku, baada ya safari ya kilometa zaidi ya 800 hadi Mbeya, kisha gari jingine kupitia Uyole. Nyumba yenyewe ilikuwa na baa chini yake. Mhudumu alitupatia kitabu cha wageni tujiandikishe, utokako, uendako, kabila, kazi. Kisha akatazama wanangu wawili wa kiume, mmoja wa miaka 16 na mwingine 14, akasema wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja, ni utaratibu wa nyumba. Nikamweleza kwamba hao ni ndugu, wamelala kitanda kimoja tangu wazaliwe. Akasema, "Mzee, utaratibu ni utaratibu." Ikabidi nichukue vyumba vinne badala ya vitatu.

Kila kitanda kilikuwa na blanketi moja, lile jepesi. Muziki wa baa ulinyamaza saa nane usiku. Lakini jambo lililoniumiza zaidi ni milango. Usiku kucha milango ilifunguliwa na kufungwa, watu wakiingia na kutoka. Asubuhi binti yangu wa miaka tisa, aliyelala na bibi yake, akaniuliza mbele ya mama yangu, "Baba, kwa nini watu hapa wanakuja kulala saa moja tu halafu wanaondoka?" Mama akageuza uso ukutani. Mtu aliyesubiri miaka 20 kurudi kwao, na usiku wake wa kwanza mwanawe kampeleka mahali pa namna ile! Mke wangu hakusema neno. Alianza kukunja nguo.

Asubuhi ile nilizunguka mji kwa miguu, safari hii nikiuliza. Nilimwomba kila mhudumu anionyeshe chumba chenyewe badala ya kunitajia sifa zake. Nilifungua bomba la maji ya moto nikasubiri, maana maji ya moto yapo sana kwenye maneno. Nilihesabu blanketi. Niliuliza kama kuna baa, na inafungwa saa ngapi. Niliuliza kama watoto wa kiume wa tumbo moja wanaweza kulala pamoja. Niliuliza kifungua kinywa ni cha watu wangapi kwa kila chumba, kwani mara nyingi utaambiwa chai imo ndani ya bei, halafu asubuhi mtoto wa tatu akiketi mezani unaletewa bili.

Nikapata mahali penye chumba cha shilingi 35,000. Sikilizeni hesabu, maana ndiyo iliyonifumbua macho. Kule kwa kwanza vyumba vinne vilikuwa shilingi 60,000, bila chai. Chai ya watu sita mtaani, kwa shilingi 3,000 kila mmoja, ni 18,000. Jumla 78,000. Kule kwa pili vyumba vitatu ni shilingi 105,000, na chai ya watu wawili kila chumba, yaani watu wote sita. Tofauti ni shilingi 27,000 kwa usiku mmoja. Sisemi ni fedha ndogo. Kwa siku nne ni zaidi ya laki moja, na ilinibidi nifute safari ya Matema niliyokuwa nimewaahidi watoto. Lakini mama alioga maji ya moto, akalala hadi saa mbili asubuhi.

Kuna wanaoshauri kwamba mtu mwenye familia akae Mbeya mjini, kwenye hoteli nyingi na kubwa, awe anashuka Tukuyu na kurudi. Kwa anayetaka Ziwa Ngozi peke yake ushauri huo haufai kubezwa, kwani njia ya kwenda Ngozi inachepuka kabla hujafika Tukuyu. Lakini kwa Daraja la Mungu, Kijungu, na Ziwa Masoko, mtu atakula siku yake barabarani. Matema nako ni chini kabisa, Kyela, ufukweni mwa Nyasa. Kuna joto na mbu, na vitu vya kubeba ni vingine kabisa. Asiyependa baridi aende huko moja kwa moja.

Nirudi kwenye chakula. Katika miji yetu midogo orodha ya vyakula ukutani ni orodha ya matumaini. Imeandikwa vyakula 20, jikoni vipo vitatu. Jioni ya pili tulikaa kwenye mgahawa mmoja mzuri wa macho, vitambaa mezani, tukaagiza kuku. Kuku yule alichukua saa moja na dakika 40. Yumkini alikuwa bado anakimbizwa. Binti yangu alilala na kichwa mezani, na alipoamshwa ale, akalia. Tangu hapo nikabadili swali. Siulizi tena, "Kuna nini?" Ninauliza, "Kipi kimeiva sasa hivi?" Na kama nataka kuku, ninaagiza na kulipia kiasi saa nane mchana, ninarudi saa moja jioni.

Kwa mchana sikuona kinachowashinda mama lishe wa karibu na soko. Wanapika kwa ajili ya watu wa sokoni, sufuria inaisha, kesho inapikwa upya. Mimi nina imani na sufuria inayoisha kuliko jokofu lililojaa. Ndizi na nyama, zile ambazo wenyewe huziita mbalaga, wali wa mchele wa Kyela, maharage, maziwa ya mgando, na parachichi la ukubwa wa ngumi mbili. Wanangu, ambao nyumbani hawaonji parachichi, walikula. Angalizo langu ni moja: fika kabla ya saa saba na nusu. Ikipita saa nane utakuta wanaosha sufuria. Na usiku mji ule hulala mapema kwa ajili ya baridi. Atakayechelewa atakula chipsi mayai, siku zote chipsi mayai.

Tulikwenda Daraja la Mungu, pale lava ya zamani ilipoganda juu ya Mto Kiwira ikaacha maji yapite chini. Mama aliweza kufika, kwa sababu gari linakaribia. Kijungu kiko eneo la Chuo cha Magereza, hivyo unajieleza kwanza getini kabla ya kushangaa lile shimo linalomeza mto. Ngozi ilikuwa jambo jingine. Ni kupanda msituni, matope na mizizi, na sehemu za mwisho unashika chini kwa mikono. Wavulana na mimi tulipanda na kiongozi wa njia. Tuliona lile ziwa mbali chini yetu, kijani, kimya, na kijana wangu mkubwa hakuitoa simu mfukoni kwa dakika nzima. Wanawake walibaki hotelini. Hapo nikaelewa kwamba hoteli ya familia si mahali pa kulala tu. Ni mahali atakapokaa mchana mzima yule asiyeweza kupanda mlima, kwa hiyo pawe na kiti, pawe na jua la asubuhi, pawe na mtu wa kumletea chai bila kununa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulitegemea. Siku ya tatu asubuhi niliitwa mapokezi. Nikamkuta mjomba wangu, mdogo wake mama, anayeishi kijijini upande wa Masoko. Ameketi kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi, miguuni pake mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Mke wangu akapiga goti, "Ugonile, mjomba." Akaitikia kwa upole. Tukamkaribisha chai, akakataa. Akasema, "Mpwa wangu, nimeambiwa sokoni kwamba dada yangu yuko Tukuyu siku ya tatu hii, na analala kwa kulipia."

Ndugu wasikilizaji, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepanga kumpelekea mama siku ya mwisho, kwa mchana mmoja, kisha tuondoke. Na sababu zangu nilikuwa nazo, wala si za ubahili tu. Kulala kwa ndugu si bure. Utapeleka sukari, mafuta, sabuni na vitenge, utaacha nauli na ada za watu. Ukijumlisha hupati mbali na bei ya hoteli. Na mwenyeji naye anaumia: watoto wake wanahamishwa vitanda, anakopa magodoro, anachinja kuku aliyekuwa anataga. Watu sita kuteremka ghafla kwenye nyumba ya mkulima ni msiba mdogo. Hayo yote ningeweza kumwambia kwa simu kabla hatujaondoka Dar es Salaam. Sikupiga. Niliona haya kumwambia mtu wa kwetu kwamba nimechagua kulipia kitanda, nikaacha asikie sokoni.

Mama alitoka chumbani akiwa amejifunga khanga juu ya sweta langu. Walisalimiana kwa Kinyakyusa kwa muda mrefu, maneno mengine siyajui. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nipe mfuko wangu. Huyu mtoto nitakwenda naye." Wakaondoka wote watatu kwa bajaji, jogoo naye ndani.

Nilirudisha chumba kimoja, na mwenye hoteli, Mungu ambariki, hakunitoza siku zilizobaki. Usiku wa mwisho tulikwenda sote kijijini kula. Chakula kilikuwa tayari tulipofika, jambo ambalo hakuna mgahawa wa Tukuyu ulionifanyia. Binti yangu alikuwa na soksi za sufi za kuazima, ananuka moshi, anasema "ndaga" kila anapopewa kitu. Mama alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda, akimenya ndizi kwa kasi ambayo sijaiona maishani mwangu. Mjomba alinipigia hesabu mwenyewe: nyumba yake ina nafasi ya watu wawili bila kubanana, watatu kwa kubanana. "Waliobaki," akasema, "walale huko kwenye blanketi zenu za kulipia, lakini niambieni."

Juzi amenitumia ujumbe wa simu anauliza Desemba tutafika lini. Nimemjibu kwamba Desemba ni masika kwao, Ngozi haipandiki, na kwamba mama na mdogo watatangulia kwake Juni, sisi wanne tutafikia hotelini, chumba nimeshakiomba. Bado hajanijibu.